Dimoni, faili za pid na kwa nini usikimbilie kill -9

Hii ni ya mtu ako na seva ndogo anaichunga mwenyewe. Inaweza kuwa VPS (seva ya kukodi) ya bei ya chini huko ng'ambo, ama ile kompyuta imekaa chini ya meza kwa ofisi Ngara na UPS yenye betri imechoka, na ndani yake kuna programu moja ama mbili zinafaa kuendelea usiku na mchana bila mtu kuziangalia. Mfano nitatumia ni programu naiita risiti: inasoma malipo yameingia kwa paybill ya duka, inayaandika kwa databesi, halafu inamtumia mteja meseji. Nimechagua hiyo juu ikiharibika inajulikana haraka, ikilala wateja wanaanza kupiga simu, na zikiwa mbili kwa wakati mmoja mteja anapata meseji mbili na duka linalipia zote.

Dimoni ni prosesi (programu inayoendelea) ya kawaida kama zingine, ila haijafungwa kwa terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ya mtu yeyote. Ukitaka kuziona andika hii:

```
ps -eo pid,ppid,tty,lstart,args | less
```

Angalia safu ya TTY. Penye kuna `pts/0` ama kitu kama hicho, hiyo prosesi ina terminali yake. Penye kuna alama ya `?` hakuna terminali, na hapo ndo utapata kina `sshd`, `cron`, `nginx` na wenzao (pamoja na nyuzi za kerneli, kiini cha mfumo, zenyewe, zile zimeandikwa kwa mabano ya mraba, hizo achana nazo). Safu ya PID ni namba ya prosesi yenyewe, ya PPID ni namba ya mzazi aliyeizaa, na dimoni nyingi mzazi wao ni 1, yule wa kwanza kuamka mashine ikiwaka, ambaye siku hizi kwa Linux nyingi ni systemd.

Kutuma kitu nyuma bila kikatike

Wengi wanaanza na alama ya `&` mwisho wa laini, na inafanya kazi vizuri hadi ile siku uko kwa matatu Waiyaki Way umeingia seva na hotspoti ya simu, bando inaisha ama mtandao unazama pale Kangemi, na ukirudi unapata programu haiko. Kilichotokea ni kwamba terminali ilipofungwa, prosesi zilizokuwa chini yake zilitumiwa ishara inaitwa SIGHUP, na prosesi ambayo haijaambiwa cha kufanya na SIGHUP inakufa. `nohup` ni ya kuambia programu ipuuze hiyo ishara:

```
nohup python3 /opt/risiti/risiti.py >> /var/log/risiti/risiti.log 2>&1 < /dev/null &
echo $!
```

Hizo alama zote za kuelekeza maandishi usiziache. Ukiacha, nohup itakuandikia faili ya `nohup.out` popote ulipokuwa umesimama, na baada ya miezi mitatu diski imejaa na hujui imejazwa na nini. Ile `< /dev/null` ni ya kuzuia programu isije ikangoja mtu aandike kitu kwa kibodi ambayo haipo. Kama ulishaanzisha bila nohup na hutaki kuizima, andika `disown -h %1` kabla utoke, hapo bash haitaitumia SIGHUP. Lakini kama bado inachapisha vitu kwa ile terminali, ikishafungwa uandishi utaanza kufeli na programu inaweza kuanguka kwa hiyo sababu, kwa hivyo hiyo ni ya dharura tu.

Sasa hiyo `$!` ndo namba ya prosesi ya mwisho uliyotuma nyuma, na watu wanaiandika kwa faili na kusahau. Kuna mahali inadanganya. Ukiandika `python3 risiti.py | tee risiti.log &` namba utakayopata ni ya `tee`, si ya python, juu bash inakupa ya mwisho kwa mstari. Ukiandika `sudo -u risiti python3 risiti.py &` namba ni ya sudo. Na ukitumia `setsid`, amri ya kutenga programu na terminali, moja kwa moja kwa terminali yako, setsid inazaa mtoto halafu yenyewe inatoka, kwa hivyo umeshika namba ya marehemu, ilhali ndani ya skripti laini ile ile inakupa namba sahihi kwa sababu hapo haihitaji kuzaa. Hii ya setsid imechanganya watu wengi kwa sababu ukijaribu kwa skripti iko sawa, ukijaribu kwa mkono haiko sawa, na hakuna kitu umebadilisha.

Programu za zamani zilizoandikwa kwa C zilikuwa zinajificha zenyewe: inazaa mtoto, mzazi anatoka, mtoto anaita setsid kujitenga na terminali, anazaa tena mjukuu ili asiweze kushika terminali nyingine, anahamia folda ya `/`, anafunga mafaili aliyorithi. Unaweza kukutana nayo bado. Kwa programu mpya usijisumbue kuandika hayo, iache ikae mbele tu, kitu kingine kiiweke nyuma.

Faili ya pid yenyewe

Ukiifungua hakuna siri ndani. Ni namba ya prosesi na laini mpya, basi. `cat /run/nginx.pid` inakupa kitu kama 812. Desturi ni iwekwe `/run`, ambayo zamani ilikuwa `/var/run` na hadi leo njia ya zamani inakuleta hapo hapo kwa mifumo mingi. Uzuri wa `/run` ni kwamba iko kwa memori, mashine ikizima inafutika yote, kwa hivyo hakuna takataka ya jana inayobaki.

Shida ni kwamba `/run` ni ya root (yuza mkuu wa mashine), na programu yetu haifai kuendeshwa na root, sasa mtu anaona uvivu anaiweka `/home/risiti/risiti.pid`. Stima inapotea. UPS inalia kidogo inanyamaza. Stima ikirudi mashine inawaka, faili iko pale pale na namba ya jana, skripti ya kuanzisha inasoma 947, inauliza kama kuna prosesi namba 947, inaambiwa ndio ipo, inasema "tayari inaendelea" na inatoka. Kumbe 947 ya leo ni kitu kingine kabisa, labda ni ya mambo ya mtandao. Asubuhi yote hakuna risiti hata moja imetoka na skripti imeapa kila kitu kiko sawa.

Utasikia mtu akisema hiyo ni bahati mbaya, namba ni nyingi. Ni nyingi kweli, Linux ya kawaida ilikuwa na kikomo cha 32768, na kwa mashine za biti 64 zenye systemd utapata 4194304, angalia mwenyewe na `cat /proc/sys/kernel/pid_max`. Lakini mashine ikiwaka inaanza kuhesabu kutoka chini tena, na inaamsha huduma zile zile kwa mpangilio karibu ule ule, kwa hivyo namba ndogo ndogo ambazo dimoni yako ilipata jana wakati wa kuwaka ndo hizo hizo zinagawanywa leo kwa majirani. Baada ya stima kupotea kugongana si jambo la ajabu.

Fikiria ploti ya kupanga pale Pipeline. Umeandika kwa karatasi "nyumba namba 7, deni". Mwenye deni alihama mwezi jana, ako mpangaji mwingine, na wewe umefika usiku unagonga mlango kwa hasira na karatasi yako. Namba ni sahihi na mtu si yeye. Sasa weka `kill -9 $(cat risiti.pid)` mahali pa kugonga mlango, na ufanye hivyo ukiwa root.

Kuuliza kama iko hai

Njia ya haraka ni `kill -0 947`. Hiyo haiui kitu, inauliza tu kama prosesi ipo na kama una ruhusa ya kuitumia ishara. Ikikukatalia, soma sababu, kwa sababu "hakuna prosesi kama hiyo" na "huna ruhusa" ni majibu mawili tofauti na skripti nyingi zinayachukua kama moja. Jibu la ruhusa maana yake ni kwamba prosesi ipo ila ni ya yuza mwingine, na kama dimoni yako huendeshwa na yuza wako hiyo tayari inakuambia namba si yako tena.

Ukitaka kujua ni nani hasa:

```
ps -p 947 -o pid,user,lstart,args
```

Soma `args` uone kama ni risiti.py, usisome jina fupi tu juu litakuambia `python3` na python ziko nyingi. Halafu linganisha `lstart`, saa prosesi ilianza, na saa faili ya pid iliandikwa ukiangalia na `ls -l --full-time`. Prosesi iliyoanza baada ya faili kuandikwa haiwezi kuwa ndo iliyoiandika.

Hiyo ni sawa kwa mkono. Kwa skripti usijenge nyumba juu ya hayo, yote ni kubahatisha kwa adabu, kati ya kusoma namba na kuitumia ishara kuna nafasi ndogo ya mambo kubadilika. Kitu cha kushika ni loki, yaani kufuli ya faili ambayo prosesi moja tu inaweza kuishika kwa wakati mmoja.

Loki ndo inasema ukweli

Loki ya `flock` inashikwa na kerneli kwa niaba ya prosesi. Prosesi ikifa, kwa njia yoyote ile, kwa heshima, kwa kill -9, kwa kukosa memori, kerneli inafunga mafaili yake na loki inaachiliwa hapo hapo. Hakuna loki ya jana. Kwa hivyo swali la "kuna risiti inaendelea?" linajibiwa na loki, na faili ya pid inabaki kazi moja tu, kukuambia ishara uipeleke wapi.

Kwanza upate folda ndani ya `/run`. Weka laini hii kwa `/etc/tmpfiles.d/risiti.conf` na itakuwa inaundwa kila mashine ikiwaka:

```
d /run/risiti 0755 risiti risiti -
```

Kwa leo usingoje kuwasha upya, endesha `sudo systemd-tmpfiles --create`. Halafu skripti ya kuanzisha, `/opt/risiti/anza.sh`:

```
#!/bin/bash
set -u
PIDFILE=/run/risiti/risiti.pid
LOKI=/run/risiti/risiti.lock

exec 9>"$LOKI"
if ! flock -n 9; then
    echo "risiti tayari inaendelea, pid $(cat "$PIDFILE")" >&2
    exit 1
fi

echo $$ > "$PIDFILE.mpya"
mv "$PIDFILE.mpya" "$PIDFILE"

exec python3 /opt/risiti/risiti.py
```

Pitia na mimi polepole kwa sababu karibu kila laini iko hapo kwa sababu yake. `exec 9>` inafungua faili ya loki na kuipa namba 9. `flock -n` inajaribu kushika na ikikosa haingoji, inatoka. `$$` ni namba ya skripti yenyewe, na ile `exec` ya mwisho haizai prosesi mpya, inabadilisha bash kuwa python ndani ya prosesi ile ile, kwa hivyo namba iliyoandikwa inabaki sahihi, na faili namba 9 inaendelea kushikwa pamoja na loki yake. Ukisahau neno `exec` hapo mwisho, pid itakuwa ya bash na python itakuwa mtoto, utaua bash na python iendelee kutuma meseji kama haijasikia. Kuandika kwa `.mpya` halafu `mv` ni ili mtu anayesoma asikute faili tupu ile nusu sekunde imefunguliwa na bado haijaandikwa.

Na hii skripti iendeshe ndani ya bash tu. Kuna `ksh` mahali pengine inafunga hizo faili kabla ya exec, loki inapotea bila neno.

Jambo moja ambalo mkono utakuwasha: usifute faili ya loki. Inaonekana ni uchafu lakini iache. Ukiifuta wakati prosesi ya kwanza bado imeshikilia, yeye anashikilia faili ambayo haina jina tena, wa pili anakuja anaunda faili mpya yenye jina lile lile, anashika loki yake bila kizuizi, na sasa wako wawili wote wanaamini wako peke yao. Faili tupu haikuli nafasi.

Kama programu yako inazaa watoto, jua kwamba wanaweza kurithi hiyo namba 9, na mtoto akibaki hai baada ya mzazi kufa loki bado imeshikwa. `subprocess` ya Python 3 inafunga hizo faili yenyewe ndani ya mtoto kabla programu yake ianze, kwa hivyo hapo uko salama. Kwa skripti za bash ongeza `9>&-` mwisho wa amri ya mtoto.

Hii flock ni dawa pia ya kazi za cron (zile zinazoanzishwa zenyewe kwa ratiba) zinazopandana, ile kazi ya kila dakika tano ambayo siku mtandao uko chini inachukua dakika ishirini na unakuta ziko nne zinang'ang'ania databesi moja:

```
*/5 * * * * flock -n /run/risiti/ripoti.lock /opt/risiti/ripoti.sh
```

Kusimamisha kwa heshima

`kill` bila namba inatuma SIGTERM, namba 15, ambayo ni ombi. Programu inaweza kulisikia, ikamaliza malipo iliyokuwa nayo mkononi, ikafunga databesi, ikatoka. `kill -9` ni SIGKILL, programu haiambiwi chochote, kerneli inaiondoa tu. Kwa risiti hiyo inaweza kuwa kati ya kutuma meseji na kuandika kwamba meseji imetumwa, na ukianzisha tena mteja anapata ya pili.

Lakini SIGTERM inasaidia tu kama programu imefundishwa kuisikia. Python kwa kawaida ikipata SIGTERM inakufa hapo hapo bila hata kupitia `finally`. Ongeza hii:

```
import signal, time

endelea = True

def simama(namba, fremu):
    global endelea
    endelea = False

signal.signal(signal.SIGTERM, simama)
signal.signal(signal.SIGINT, simama)

while endelea:
    shughulikia_malipo()
    time.sleep(2)
```

Tangu Python 3.5 `sleep` ikikatizwa na ishara inarudi kulala hadi muda uishe, kwa hivyo ukiweka `sleep(300)` utangoja hadi dakika tano kabla isimame na utadhani imegoma. Weka muda mfupi.

Skripti ya kusimamisha, `simamisha.sh`:

```
#!/bin/bash
PIDFILE=/run/risiti/risiti.pid
LOKI=/run/risiti/risiti.lock

if flock -n "$LOKI" true; then
    echo "risiti haiko"
    exit 0
fi

pid=$(cat "$PIDFILE")
case "$pid" in
    ''|0|1|*[!0-9]*) echo "namba si sawa: $pid" >&2; exit 1 ;;
esac

kill -TERM "$pid"
for i in $(seq 30); do
    flock -n "$LOKI" true && exit 0
    sleep 1
done

echo "imekataa kutoka, natumia KILL" >&2
kill -KILL "$pid"
```

Ona hatuulizi namba chochote kabla ya kuuliza loki. Loki ikishikika maana yake hakuna mtu, na hakuna haja ya kutuma ishara kwa yeyote. Hiyo `case` ya kukagua namba usiione kama mapambo: `kill 0` inatuma ishara kwa kundi lote la prosesi ulilomo, na `-1` inatuma kwa kila prosesi unayoruhusiwa kuigusa, na ukiwa root hizo ni karibu zote. Faili iliyoharibika na herufi moja inaweza kukuzimia mashine.

Na mambo ya root, zote mbili ziendeshe ukiwa yuza `risiti`, `sudo -u risiti /opt/risiti/simamisha.sh`. Folda ya pid ni ya huyo yuza, kwa hivyo mtu akiingilia programu yako kupitia kasoro fulani ya kodi anaweza kuandika namba yoyote anayotaka humo, hata ya sshd, akangoja root aje amsaidie kuiua. Yuza risiti mwenyewe hawezi kuua ya mwingine, na kosa linaishia hapo.

Wakati mwingine hata -9 haifanyi kitu. Angalia herufi ya hali na `ps -o stat -p 947`. Ikiwa `Z` tayari ilikufa, imebaki jina tu kwa orodha mpaka mzazi wake amchukue, kwa hivyo shughulika na mzazi. Ikiwa `D` imekwama ndani ya kerneli ikingoja diski ama mtandao wa mafaili, hapo ishara zinangoja foleni, na ukiendelea kurudia kill -9 unajichosha bure, kaangalie diski.

Dimoni za wenyewe

Kabla ya kutumia ishara kwa programu ambayo hukuandika, soma inazichukuaje, hazifanani. Nginx, ile seva ya wavuti, ikipata HUP inasoma mipangilio upya bila kukata wateja, USR1 inafungua upya faili za logi, QUIT inamaliza maombi yaliyopo kisha inatoka. Kwa hivyo `nginx -t` kwanza kukagua, halafu `kill -HUP $(cat /run/nginx.pid)`, ama ufupishe na `nginx -s reload`.

PostgreSQL, ile databesi, nayo ina mambo yake. Faili yake ni `postmaster.pid`, iko ndani ya folda ya data na si `/run`, na ina laini kadhaa, pid ikiwa ya kwanza, kwa hivyo `kill $(cat postmaster.pid)` ni fujo, tumia `head -1`. TERM kwake ni kungoja kila mteja aliyeunganishwa aondoke mwenyewe, na programu ikiwa imeshikilia muunganisho utangoja hadi kesho. INT ndo ya kukata wateja na kufunga vizuri, na ndo hiyo `pg_ctl stop` hutumia siku hizi usipomwambia lingine. QUIT ni ya haraka na itabidi ijirekebishe ikiwaka. Na ukikuta imekataa kuwaka ikilalamika juu ya postmaster.pid, usikimbilie kufuta hiyo faili. Hakikisha kwanza hakuna postgres hata moja hai kwenye hiyo data, kwa sababu mbili zikiandika folda moja data yako imeenda.

Ndani ya kanteina

Kwa Docker, ambayo huendesha programu ndani ya kanteina (chumba chake kilichotengwa na mashine), kuna mchezo wake. Mtu anaendesha programu ya wavuti ya Rails, kanteina inauawa ghafla, anaiwasha tena, anapata `A server is already running` na faili `tmp/pids/server.pid`. Ndani ya kanteina hesabu ya namba inaanza 1 kila mara, programu yako mara nyingi ndo 1 yenyewe ama moja ya namba za kwanza kwanza, kwa hivyo namba iliyobaki kwa faili inalingana na prosesi iliyo hai karibu kila siku. Hapa hakuna wa kuogopa, weka `rm -f tmp/pids/server.pid` kwa skripti ya kuanzia kisha `exec` kwa amri ya seva.

Hiyo exec ni muhimu kuliko unavyodhani. Prosesi namba 1 haiuawi na SIGTERM kama haijajiandaa kuisikia, na bash ikiwa ndo 1 haipitishi ishara kwa mtoto, kwa hivyo `docker stop` inangoja sekunde 10 zake halafu inatumia KILL. Ukiona kila ukisimamisha kanteina inachukua sekunde 10 kamili, ndo hiyo. Kama huwezi kurekebisha skripti, washa na `docker run --init`.

Kama una root na systemd, mengi ya juu huyahitaji

Nimeyaweka juu kwa sababu utayakuta kwa mashine za watu. Lakini kwa seva yako mwenyewe andika hii kwa `/etc/systemd/system/risiti.service`:

```
[Unit]
Description=Kutuma risiti za malipo
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=risiti
ExecStart=/usr/bin/python3 /opt/risiti/risiti.py
Restart=on-failure
RestartSec=5
TimeoutStopSec=30

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Halafu:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now risiti
journalctl -u risiti -f
```

Hakuna faili ya pid. systemd ndo ilizaa prosesi kwa hivyo inaijua, na inaweka hiyo pamoja na watoto wake wote kwa kundi moja la kerneli, hata mjukuu akijitenga na terminali bado anahesabiwa humo na anasimamishwa pamoja nao. Ukitaka namba, `systemctl show -p MainPID --value risiti`. Usiweke nohup wala `&` kwa ExecStart. `Type=forking` na `PIDFile=` ni za zile programu za zamani zinazojificha zenyewe, na kama programu ina chaguo la kukaa mbele tumia hilo badala yake.

`RestartSec=5` sijaiweka kwa mazoea. Bila hiyo systemd inangoja milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, na kwa mipangilio ya kawaida ikianzisha mara 5 ndani ya sekunde 10 inakata tamaa na kuiacha imelala. Sasa stima ikirudi, seva inawaka kabla ya ruta ya Wi-Fi, programu inakosa intaneti inaanguka, mara tano haraka haraka, na hapo ndo imeachwa. `network-online.target` inasaidia kiasi ila yenyewe inakuambia kadi ya mtandao iko tayari, haikuambii laini ya nje imerudi. Ukiipa sekunde tano kila mara haifiki hicho kikomo, itaendelea kujaribu hadi mtandao urudi.

Jaribu kabla ya kuamini

Kwa wale wa skripti, fanya hivi duka likiwa limefungwa, na uwe umeingia kama yuza risiti. Anzisha risiti:

```
nohup /opt/risiti/anza.sh >> /var/log/risiti/risiti.log 2>&1 < /dev/null &
```

Endesha `anza.sh` mara ya pili, inafaa kukataa. Iue na kill -9, anzisha tena bila kufuta chochote, inafaa kukubali. Isimamishe vizuri, halafu mpe faili namba ya uongo:

```
sleep 1000 &
echo $! > /run/risiti/risiti.pid
/opt/risiti/simamisha.sh
jobs
```

Inafaa iseme "risiti haiko", na `jobs` ikuonyeshe sleep bado inaendelea. Kama sleep imekufa, skripti yako bado inaamini namba, rudi kwa ile laini ya kwanza ya flock uone umeandika nini.